Mashine Mbili na Posa ya Kikole

Majina ninayo yote. Kila mtu aliyewahi kukanyaga kibaraza changu ninalo jina lake, la baba yake, na lile ambalo mama yake alimwita akiwa na hasira. Lakini wajukuu wangu wameniambia kwamba siku hizi kumwandika mtu kwa jina bila ruhusa yake ni makosa, na wasomi wa nyumba hii ni wao, mimi niliishia darasa la pili. Basi sitaandika hata moja. Anayejijua atajijua, na asiyejijua ataambiwa na jirani.

Ninakaa Kivinje, katika nyumba aliyoniachia marehemu mume wangu, pamoja na watoto wawili wa marehemu mwanangu. Mkubwa ni mwanamume, fundi simu, ana kijichumba chake upande wa sokoni. Mdogo ni mwanamke, fundi cherehani, na cherehani yake iko hapo hapo barazani tunapokaa sote. Mkubwa namwita mume wangu na mdogo namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyowatania wajukuu zake. Huyu mume, Mungu alimjalia akili nyingi mno, naye akaamua kuzitumia zote kwenye sataranji.

Ningemwelewa kama angecheza. Kucheza hachezi. Ana programu mbili ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kuzipa fumbo moja kisha kutazama ipi italifumbua mapema. Anapanga mfalme, malkia, farasi na askari kwenye kioo, katika hali ambayo mfalme mmoja lazima afungwe, afanye lolote, hana pa kukimbilia. Wenyewe wanaita mati. Kwamba mfalme atafungwa, inajulikana. Kwa hatua ngapi, inajulikana pia, imeandikwa pale pale chini ya fumbo. Kisha mwanamume mzima mwenye ndevu anakaa na saa ya simu mkononi, anasubiri mashine imwambie jambo analolijua.

Siku moja nilimuuliza, maana nami nataka kuelimika kabla sijafa.

"Mume wangu, jibu si unalo?"

"Ninalo, Bibi."

"Sasa unaiuliza ya nini?"

"Sitafuti jibu, Bibi. Nataka kujua ipi ina kasi."

"Kasi ya kwenda wapi?"

Akanitazama kwa huruma, kama daktari anavyomtazama mgonjwa ambaye dawa zake zimekwisha dirishani, akarudi kwenye kioo chake.

Kila Jumamosi alasiri alikuwa anakuja mwenzake wa ugonjwa huo, mwalimu wa hesabu wa sekondari, kijana wa Kikole ambaye kwao ni wakulima wa korosho. Kila mmoja alikuwa na programu anayoitetea kama ndugu yake wa damu. Ya mjukuu wangu ilikuwa kubwa na maarufu, inasemekana hakuna binadamu duniani anayeiweza. Hiyo nikaiita Mheshimiwa. Ya mwalimu ilikuwa ndogo, haijui hata kucheza vizuri, imetengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta mati. Hiyo nikaiita Mpekuzi. Walicheka, kisha wakaanza kuziita hivyo hivyo wenyewe, wala sikudai chochote.

Mimi nilikuwa nakaa na miyaa yangu nasuka ukili wa mkeka, nawasikiliza. Usinidharau, nilijifunza. Mheshimiwa ana nguvu, lakini hachunguzi kila njia. Njia zinazoonekana hazina maana anazitupa ili aweze kufika mbali, na mara nyingine mati imo humo humo alimotupa. Tena akishajua ameshinda anatulia, anakwambia ushindi ni wangu, ukimuuliza mfalme atafungwa lini anaanza kuzunguka. Ndiyo maana nikampa jina lile. Mpekuzi yeye anaanza na hatua za kumtishia mfalme. Mati ikiwa ni vitisho vitupu toka mwanzo hadi mwisho, anaipata kabla hujameza mate. Ikiwa katikati inatakiwa hatua moja ya kimya, isiyomtishia mtu, Mpekuzi anapotea kabisa, na mwalimu anaanza kujikuna shingo.

Kilichowaumiza vichwa zaidi ni kwamba Mheshimiwa yule yule, kwenye fumbo lile lile, alikuwa anatoa muda tofauti kila wanapompima. Mwalimu akaeleza kwamba kazi inagawanywa kwa vichwa vingi ndani ya kompyuta, na huwezi kujua kipi kitatangulia kuiona mati. Nikawaambia basi ni kama wapishi wa shughuli, sufuria moja, wanawake kumi, na wali unaiva kwa kudra ya Mungu. Mjukuu wangu akasema si hivyo. Mwalimu akasema ni hivyo hivyo.

Yule mwalimu alikuwa na adabu, alieleza kila kitu taratibu na kwa mifano. Nikagundua tu kwamba maelezo yale hakuwa anampa mjukuu wangu, ambaye anayajua, wala hakuwa ananipa mimi. Yalikuwa yanakwenda upande wa cherehani. Na cherehani, ambayo siku nyingine inalia toka asubuhi, Jumamosi ilikuwa na kwikwi. Mke mwenzangu alishona foronya moja Jumamosi zote za msimu mzima wa maembe.

"Foronya ya nani hiyo, mke mwenzangu?"

"Ya mteja, Bibi."

"Mteja huyo ana kichwa kikubwa."

Akainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Wote walikuwa mbele ya macho yangu, mlango wazi, barabara inapita watu, na kijana hakuwahi kuvuka kizingiti. Nilimwona anafaa. Binti naye alimtaka, na akimtaka mtu huwa hasemi, anashona vibaya tu.

Basi mwalimu akafanya kama inavyotakiwa, akawatuma wazee wake. Wakaja kutoka Kikole na kanzu zao zilizonyooshwa, wakiongozwa na baba yake mkubwa, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo ambayo inakulazimisha unyamaze ili uisikie. Wanaume wakakaa barazani. Mimi nikaingia jikoni, ndiyo sehemu yetu, nikakalia mbuzi na kuanza kukuna nazi. Kutoka pale unasikia kila neno.

Sasa mtu yeyote wa pwani hii, hata mwendawazimu wa sokoni, anajua posa inavyopokewa. Wageni watasema walichojia. Wenyeji watasema, "Tumewasikia, tutawaita." Basi. Hakuna zaidi ya hapo siku hiyo. Wageni wanakunywa chai, wanakwenda. Kisha nyumba inakaa na neno lile. Mjomba anaambiwa, shangazi anaambiwa, binti anaulizwa, na hata kama wote walishakubali toka kabla ya kuulizwa, mnaacha siku zipite, mwezi uandame, ndipo mnaita. Kule kusubirisha ndiko kunakosema kwamba binti ana wenyewe. Mtoto wa watu hatolewi kama andazi.

Mjukuu wangu ndiye aliyekuwa msemaji, kwa kuwa baba yao hayupo naye ndiye walii wa dada yake. Nilimtegemea. Alikuwa amevaa kofia, nikadhani na kichwa kimo ndani yake.

Baba mkubwa akamaliza maneno yake mazuri. Hata kikombe hajakirudisha kwenye kisahani, nikasikia, "Tumekubali."

Mkono wangu ukasimama juu ya mbuzi.

Baba mkubwa akauliza polepole, "Mmeshakubali?"

"Tumekubali, mzee. Hata tarehe tukitaka tunaweza kupanga leo."

"Mjomba wake ameambiwa?"

"Mjomba yuko Tingi. Ataambiwa, hana neno."

"Na mwenyewe?"

"Mwenyewe anampenda, mbona linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

Mwanasayansi wetu akawamiminia chai nyingine. Wageni wakamaliza chai yao, wakashukuru, wakaomba njia. Adabu zao zilikuwa nyingi kiasi kwamba nilijua tumekwisha.

Alipoingia jikoni alikuwa anatabasamu. "Bibi, umeona? Dakika mbili."

"Nimeona, mume wangu. Hata mbuzi sokoni anashikwa mbavu kwanza, anatazamwa meno. Dada yako umemtoa kabla hawajaweka kikombe chini."

"Lakini jibu si lilikuwa ndiyo?"

"Lilikuwa ndiyo."

"Wangerudi baada ya mwezi lingekuwa ndiyo."

"Lingekuwa ndiyo."

"Sasa mwezi mzima wa nini?"

Nikamwacha. Mtu aliyekwisha kujipongeza hasikii.

Neno likaja kutoka Kikole baada ya siku chache, limefungwa vizuri: wazee wanashukuru kwa mapokezi, lakini wameona jambo hili lipumzike kwanza. Lipumzike. Jambo lenyewe halijatembea hata hatua moja, limechoka saa ngapi? Maana yake kila mtu aliielewa. Nyumba inayomtoa binti kwa haraka namna ile ina kitu inachokikimbia. Ama ana mimba, ama ana ugonjwa, ama alishazoea kwenda chumbani kwa mwalimu na ndugu wanataka kufunika. Mambo haya hakuna aliyeyasema. Kivinje hawasemi, wanakuja kushona nguo. Wiki ile wateja walikuwa wengi kuliko sikukuu. Wanawake ambao toka niwajue wanavaa khanga zile zile mbili walikuja kupimwa magauni, na wakati binti anawapima wao kifua, wao walikuwa wanampima tumbo kwa macho.

Mke mwenzangu hakulia. Aliibeba cherehani akaiingiza ndani, akawa anashonea chumbani dirisha limefungwa, kwenye joto la kuivisha mkate. Alinyamaza, na kwa kaka yake ndiyo hakutia neno kabisa. Nilimpelekea chakula, nikarudi na chakula. Kama posa ile ingekufa, haikuwa mwalimu peke yake ambaye angemkosa. Mwingine yeyote atakayefikiria kuja angeuliza kwanza kwa nini wale wa Kikole waligeuka, na majibu yalikuwa yameshaandaliwa mitaani, tena yenye viungo.

Mwalimu naye alikacha Jumamosi moja, akakacha ya pili. Ya tatu akaja. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mwalimu." Akakaa pembeni kabisa ya baraza kama mdaiwa. Wanaume wawili, wote wanajua limewafika jambo gani, na hakuna aliyeweza kulitamka. Basi wakazungumzia mashine.

Mjukuu wangu akawasha kompyuta. "Jana Mheshimiwa amemshinda Mpekuzi. Fumbo lile gumu, lile la hatua ya kimya. Kufumba na kufumbua."

"Haiwezekani," mwalimu akasema.

"Tazama." Akabonyeza. Kweli, jibu likatoka papo hapo.

Mwalimu akatazama kioo muda mrefu. "Fumbo hili ulimpa mara ngapi jana?"

"Mara kadhaa. Nilitaka kuhakikisha."

"Na kila mara ulimfuta kumbukumbu?"

Mjukuu wangu akaanza kujikuna shingo yeye.

"Kaka, hakutafuta. Amekumbuka. Mara ya kwanza ndiyo alitafuta, akaweka jibu pembeni. Hizi nyingine anakutolea lililopo." Akanyoosha mkono, akafunga programu, akaifungua upya, akampa Mheshimiwa fumbo lile lile. Tukasubiri. Mheshimiwa akazunguka, akazunguka, akatangaza kwamba anashinda, akaendelea kuzunguka. Nilisuka ukili wa urefu wa mkono wangu na mati haijaonekana.

Ndipo mwalimu akasema, macho yake yako sakafuni, "Na baba mkubwa ndivyo anavyosema kuhusu nyumba hii. Jibu likitoka upesi hivyo, basi lilitafutwa siku nyingine, wao hawakuwepo. Anataka kujua lilitafutwa lini, na nani alikuwepo."

Uso wa mjukuu wangu ulikuwa unabadilika kidogo kidogo, kama maji ya chai yanavyochukua majani. Nilikuwa nimemweleza jambo hilo hilo toka siku ya kwanza, kwa Kiswahili, bila kuhitaji umeme, lakini mimi ni bibi yake tu. Sasa ameambiwa na kompyuta.

"Bibi," akasema baadaye, mwalimu alipokwisha kuondoka, "tunafanyaje?"

"Utakwenda Kikole na mjomba wako. Utawaambia siku ile ulisema kabla hujatumwa, na nyumba yetu haijajibu."

"Niende mpaka Kikole nikawaambie sijakubali, ili wakirudi niwaambie nimekubali?"

"Umeelewa vizuri sana."

"Na aibu yote iwe yangu?"

"Unataka iwe ya nani? Yake ameshaibeba, tena kwenye joto."

Mjomba wa Tingi tulimkuta amenuna, na alikuwa na haki ya kununa, maana alisikia habari za posa ya mpwa wake kutoka kwa muuza samaki. Nilimwachia aseme mpaka akachoka. Kisha akatoa pikapu yake, mimi nikawekwa mbele kwa sababu ya umri, na walii wetu akapanda nyuma pamoja na magunia. Vumbi la njia ya Kikole lilimpaka rangi moja toka kofia hadi viatu. Nilimtazama kwenye kioo, nikaona angalau anafanana na mtu anayekwenda kuomba radhi.

Tulipokelewa vizuri. Korosho zilikuwa zimeanikwa uani, watu wakazisogeza tukapata pa kupita. Baba mkubwa alituamkia, tukamwitikia, tukaulizana hali ya wote, wazima na wagonjwa, mvua, na bei za mwaka huu. Ndipo mjukuu wangu akasimama. Alisema kama nilivyomfundisha. Sauti ilimkatika katikati, akaiokota, akamaliza.

Baba mkubwa akamtazama. "Kwa hiyo mwanangu, hamjakubali?"

Huo ulikuwa mtego, na niliuona kabla ya mashine yoyote. Akisema hatujakubali, posa imekufa. Akisema tumekubali, tumerudi pale pale. Nilimwona anafungua mdomo. Nikamwona anaufunga. Akamgeukia mjomba wake, na nikamshukuru Mungu aliyenibakiza hai nikaiona siku hiyo.

"Nyumba haijajibu," mjomba akasema.

Mzee akanigeukia mimi. "Na wewe, mama, siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, jikoni."

"Ukasikia nini?"

"Nilikuwa nakuna nazi, shemeji. Mbuzi yangu ina kelele. Sikusikia kitu."

Midomo ya mzee ikacheza kidogo. "Hata sisi," akasema kwa sauti yake ile ndogo, "tulisikia nazi tu. Tulileta neno letu, tukanywa chai, tukaondoka. Tunasubiri mtuite." Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo, hakuna kilichosemwa siku ile zaidi ya nazi.

Tukarudi Kivinje. Mjukuu wangu safari hii alikaa mbele, mimi katikati. Nilidhani kazi imebaki ndogo. Mwezi ulipoandama nikaingia chumbani kwa mke mwenzangu kumuuliza kama inavyopasa. Nilijitanda vizuri, nikakaa kitandani kwake. Jambo hili lina taratibu zake: bibi anauliza, binti anainama, ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali kwake. Huwa halichukui muda.

"Mke mwenzangu, watu wa Kikole wamekuja kukuposa. Unasemaje?"

Hakuinama. Akaacha kushona, akanitazama.

"Nitafikiri, Bibi."

"Utafikiri nini?"

"Hilo swali ndiyo kwanza naulizwa leo. Wacha nilifikirie."

Nikatoka na mtandio wangu. Kaka yake alipoambiwa alishika kichwa. Akaenda kusimama mlangoni kwake. "Sasa unafikiri kitu gani? Ile foronya ilikuwa ya nani?"

"Ya mteja," akajibiwa kutoka ndani.

"Dada, watu wanasubiri."

"Siku ile ulinijibia wewe, ukamaliza kwa dakika mbili. Ngoja nami nione inachukua muda gani."

Ikachukua. Alirudisha cherehani yake barazani, akafungua dirisha lake, akashona sare za watoto wa shule, nazo zikatoka zimenyooka, mishono kama imepigwa rula. Wapimaji wa tumbo walikuja tena, wakakuta tumbo liko vile vile, wakaenda zao wamevunjika moyo. Mwalimu alipita mara anaulizia chaja, mara anarudisha chaja ambayo hakuazimwa. Alikuwa amekonda. Nilimwonea huruma, lakini nikamwambia binti anafikiri, naye akaitikia, "Sawa, Bibi, afikiri," kama mtu anayesomewa hukumu. Mjukuu wangu hakuifungua kompyuta hata mara moja. Alikuwa anakaa na saa ya simu mkononi, hajui aipime nini.

Mimi siku za mwanzo nilimkasirikia binti. Baadaye nikawa nakaa naye barazani nasuka, namtazama anavyotia uzi kwenye sindano bila haraka, na nikaona kwamba katika watu wote tuliopanda gari, tuliokwenda Kikole, tulionuna na kuombana radhi kwa ajili yake, yeye ndiye peke yake ambaye hakuna aliyewahi kumfuata na kumuuliza. Hata mimi nilikwenda kwake wa mwisho, tena jibu nimeshalibeba mfukoni.

Asubuhi moja, bila kuinua kichwa, akasema, "Bibi, waambieni ndiyo. Na cherehani naondoka nayo."

Kaka yake alikuwa anakunywa uji. Akaweka bakuli chini, akachukua simu ampigie mjomba. Nikaitazama ile simu. Akairudisha mfukoni, akamaliza uji wote, akaosha bakuli, ndipo akapiga.

Wakaja tena wale wale, kanzu zile zile. Mimi nikawa ndani na binti, nyuma ya pazia. Baba mkubwa akasema, "Mmetuita, tumekuja kusikia." Mjomba akampa neno mjukuu wangu. Tukasubiri. Hakuna sauti. Alikuwa anajizuia asiharakishe, na sasa amejizuia kupita kiasi. Kikombe kikagonga kisahani, mtu akakohoa. Baba mkubwa akauliza kama kijana anaumwa.

Bibi harusi mtarajiwa hatakiwi kusikika siku ile, hata akikohoa anaziba mdomo. Mke mwenzangu akasogea karibu na pazia.

"Sema, kaka," akasema. "Mimi nimeshasema."

Akasema. Wazee wakainua mikono kuomba dua, na huku ndani yule ambaye hakulia siku zote zile akajiinamia kwenye mapaja yangu, akalia kwa sauti kiasi kwamba ilibidi nje waanze dua upya.